Maua Mia na Aliyefungua Mdomo



Wahitimu wetu wa lugha ya Kichina, msemo wa baihua qifang mnaujua: maua mia yachanue kwa pamoja. Wachina huutumia wakisifu maonyesho ya sanaa yenye kila mtindo, na tangu 1962 ipo tuzo ya filamu iitwayo Maua Mia. Usemeni bila wasiwasi. Ila kabla hamjautamka kwenye kikao cha kazi, mbele ya wazee, sikieni ulikopita.

Mwaka 1951 Mao Zedong aliwaandikia msemo huo watafiti wa tamthilia za jadi jijini Beijing, akitaka opera za kila aina zistawi. Hapo hapakuwa na neno. Mwaka 1956 akauunganisha na mwenzake, baijia zhengming, yaani shule mia za fikra zishindane, unaokumbusha karne za kabla ya 221 KK, wafuasi wa Confucius na wa Mozi walipobishana waziwazi. Majira ya kuchipua ya 1957, Chama cha Kikomunisti kikawaita wasomi: semeni, tukosoeni.

Wakasema. Juni mosi Chu Anping, mhariri mkuu wa gazeti la Guangming, alisimama akalalamika kwamba kila ofisi, iwe kubwa au ndogo, mkuu wake sharti awe mwanachama. Wiki moja baadaye, Juni 8, gazeti la chama likageuza kibao. Watu zaidi ya 550,000 walibandikwa jina la "mrengo wa kulia", na wengi wakapelekwa kwenye kazi za sulubu. Chu alivuliwa cheo. Mwaka 1966 akatoweka, hakuonekana tena. Kuanzia 1978 karibu wote walisafishwa majina. Yeye hakusafishwa.

Sasa ninyi. Muda si mrefu baadhi yenu mtapewa idara, mtaitisha kikao, na mtasema, "Jamani, semeni, msiogope." Kila bosi husema hivyo, hata mimi. Wakati huo watu hawasikilizi maneno yako. Wanamtazama aliyefungua mdomo wiki iliyopita, kuona leo amepangiwa zamu gani. Wakikuta amesukumiwa ya usiku, kikao chako kitakwisha kwa dakika kumi, wote wakiwa wamekubaliana nawe.