Mguu wa Kijana ni Mali ya Nyumba Nzima
(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia)

 

Leo tunazungumza juu ya miguu. Vijana wengi hapa Kenya wanatumaini kujiinua kwa mbio, na vikundi vingine huwachangia nauli na viatu. Hilo ni jema. Lakini kijana akiumia, hakosi mbio tu. Hawezi kulima wala kubeba maji, na nyumba nzima inapata hasara.

Tuangalie mbio za Comrades za Afrika Kusini. Zilianza mwaka 1921, Vic Clapham akitaka kuwakumbuka askari waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza. Walianza watu 34, wakamaliza 16 tu. Ni karibu kilomita 90 kati ya Durban na Pietermaritzburg. Kwa kawaida mwaka mmoja watu hupanda, mwaka unaofuata huteremka kurudi pwani.

Je, ni wapi mguu unaumia zaidi? Wengi watasema kupanda. Sivyo. Kupanda humaliza pumzi, lakini kuteremka ndiko hupasua misuli. Mguu unapotua, misuli ya mbele ya paja hujikaza ili goti lisikunjike, na wakati huohuo inavutwa. Ni kama kamba ya kuzuia ng'ombe anayekimbilia mteremkoni: nyuzi zake hukatika kidogo kidogo.

Tena, kila hatua huleta mshindo wa mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili. Kwa mtu wa kilo 60, hiyo ni kilo 120 hadi 180, yaani hata magunia mawili ya mahindi! Na katika kilomita 90 hatua ni makumi ya maelfu.

Basi tufanye nini?

1. Tufupishe hatua. Ukipiga hatua fupi na za haraka kidogo, mwendo ukiwa uleule, goti na nyonga hupunguziwa mzigo.

2. Tuongeze umbali polepole. Pumzi hupata nguvu upesi, lakini mifupa na kano huchelewa.

3. Tujizoeze kuteremka, tukianza na vilima vifupi. Misuli iliyozoea mteremko haiumii sana siku ya mbio.

4. Tusibadili viatu au namna ya kukanyaga ghafla. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba vijana wa Bonde la Ufa waliokulia bila viatu mara nyingi hutua kwa sehemu ya mbele ya mguu. Kisigino hakipati kishindo kikubwa, lakini shavu la mguu na kano ya kisigino hufanya kazi zaidi. Aliyezoea viatu akivivua siku moja tu na kwenda mbali, ataumia.

5. Tule vya kutosha na kulala. Msichana mkimbiaji ambaye hedhi yake imekatika asifurahie. Huenda mwili wake hauna chakula cha kutosha, na mifupa inadhoofika. Apelekwe kliniki.

6. Tunywe maji kwa kiu. Kunywa kupita kiasi katika mbio ndefu hupunguza chumvi ya damu, na watu wamekufa kwa sababu hiyo. Dawa za maumivu kama ibuprofen zisimezwe mbioni, maana zinaweza kuharibu figo.

Jambo la mwisho ni zito. Maumivu ya misuli baada ya kazi huisha kwa siku chache. Lakini maumivu ya mahali pamoja juu ya mfupa, yanayozidi ukikimbia au yanayokusumbua hata usiku, huenda ni ufa. Kijana atasema, "Nitavumilia tu." Tusimsifu kwa hilo. Akipumzika mapema, mara nyingi ni wiki kadhaa. Akilazimisha, mfupa unaweza kuvunjika kabisa.

Sisi tuliochanga pesa ndio tunaogopwa. Kijana huficha maumivu ili asituaibishe. Basi tumwambie wazi, kabla hajafunga viatu, kwamba akirudi bila ushindi lakini na miguu mizima, hatujapoteza mchango wetu.

Maswali ya kujadili kikundini: Nani hapa kwetu anakimbia akiwa na maumivu? Nani atamwambia apumzike?