Kitabu Gani Kiingie Kabatini? Kuchagua Vitabu vya Redio na Mitandao Isiyo na Waya

Maelezo yaliyotolewa mbele ya wazee wa kartie na viongozi wa vikundi vya vijana, Luano, Lubumbashi

 

Wengine walituuliza pale mlangoni: shirika la amani linatafuta nini katika vitabu vya antena? Ni swali la haki. Kabla ya kufungua kabati tutawasimulia jambo lililotupata sisi wenyewe. Wengi wenu mlikuwapo, kwa hiyo mtatusahihisha tukikosea.

Mnakumbuka tulipounganisha nyumba mbili za vijana kwa mtandao usio na waya. Antena moja upande huu, nyingine upande ule, umbali wa kilometa moja hivi. Nia ilikuwa vijana wa pande zote mbili watumie intaneti moja, wachangie malipo kwa pamoja, na wakutane kila mwezi kupanga matumizi. Kwa miaka miwili mambo yalikwenda vizuri. Kisha msimu mmoja wa mvua mtandao ukaanza kukatika upande wa pili. Jua likiwaka unarudi, mvua ikinyesha unapotea. Upande wa kwanza, kwenye mashine kubwa, waliendelea kupata intaneti bila shida. Wale wengine walikuwa wanatoa pesa ileile na kukaa mbele ya mashine zisizofungua kitu.

Mnajua maneno yalivyokwenda. Kwanza ilisemwa, "Wanatukatia." Baada ya wiki moja ikawa, "Wakasai wanatukatia." Jibu likarudi, "Wakatanga hawataki kulipa, wanatafuta sababu." Kijana aliyetumwa kutazama antena ya upande wa pili alirudi na jeraha la jiwe kichwani. Katika mji huu hatuwezi kuyachukulia maneno hayo kama mchezo wa vijana. Mwaka 1992 na 1993 maelfu na maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi, wakalala kwenye vituo vya gari la moshi wakingoja safari. Baadhi ya wazee walio hapa waliyaona kwa macho.

Sisi, ambao kazi yetu ni upatanishi, tulifanya tulichozoea. Tuliita mkutano, tukakaa saa tatu, tukazungumza juu ya kuvumiliana na kuishi pamoja. Watu walipeana mikono. Kesho yake mvua ikanyesha na mtandao ukakatika tena, na sasa wale waliopeana mikono walikuwa na hasira kuliko mwanzo, kwa maana waliona wamedanganywa mara ya pili. Tunakiri hapa mbele yenu kwamba tulikuwa tunapatanisha watu juu ya jambo ambalo sisi wenyewe hatukulielewa.

Jibu lilitoka katika kitabu. Mwanafunzi mmoja alikuwa amechapa kwenye fotokopi kurasa za kitabu cha bure, akasoma kwamba mawimbi ya redio hayapiti angani kama uzi ulionyooshwa. Yanahitaji nafasi yenye umbo la muhogo: nyembamba kwenye ncha mbili, nene katikati. Mafundi huiita kanda ya Fresnel, kwa jina la mwanasayansi wa Kifaransa. Kwa umbali wa kilometa moja na masafa ya gigahezi 2.4, unene wa muhogo huo katikati ya njia, kutoka mstari wa kati kwenda nje, ni karibu mita 5.6. Mafundi wanataka angalau asilimia 60 ya nafasi hiyo ibaki wazi, yaani mita 3.4 hivi. Sisi tulikuwa tukisimama juu ya paa, tunaiona antena ya pili kwa macho, tunasema njia ni safi. Kumbe katikati ya njia kulikuwa na mwembe. Miaka miwili nyuma ulikuwa chini ya muhogo wetu. Sasa ulikuwa umekua na kuingia ndani yake, na majani yaliyolowa maji hunyonya mawimbi kuliko majani makavu.

Vijana wawili, mmoja wa kila upande, walipanda pamoja kutazama. Mwenye mwembe hakukubali ukatwe, na alikuwa na haki, maana watoto wake wanakula maembe hayo. Tuliongeza nguzo za bomba kila upande, mita 4 juu ya zile za zamani. Mtandao ukarudi, nao hauogopi mvua tena.

Basi tangu siku ile tumeanza kutafuta vitabu, na hapo tukagundua kwamba kuchagua kitabu ni kazi ngumu kuliko kukipata.

Sanduku la kwanza lilitoka kwa marafiki wa Ulaya. Tunawashukuru, lakini tuseme ukweli, nusu yake haikutufaa. Kulikuwa na vitabu vya mitihani vinavyofundisha kubonyeza vitufe vya mashine za kampuni moja tu, tena mashine ambazo hazipatikani hapa Lubumbashi. Kulikuwa na vitabu vya wahandisi. Kile cha Rappaport juu ya mawasiliano yasiyo na waya, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1996, ni kitabu cha heshima, na anayesoma ufundi wa umeme chuo kikuu atakihitaji. Lakini kijana aliyeishia mwaka wa nne wa sekondari anakutana na hesabu ngumu tangu kurasa za mwanzo, anakifunga, anajiona mjinga. Hicho tulikitoa kwa wanafunzi wa chuo kikuu. Kitabu kinachomfanya mtu ajione mjinga kinamrudisha kwenye uvumi.

Halafu kuna hatari isiyoonekana kwa haraka. Vitabu vingi vya mitandao vimeandikwa Marekani kwa ajili ya Marekani. Utasoma humo kwamba masafa ya megahezi 902 hadi 928 ni huru, mtu yeyote anaweza kuweka mashine yake bila kuomba ruhusa. Kule ni kweli. Lakini dunia imegawanywa katika kanda tatu za masafa. Marekani iko kanda ya pili, Afrika iko kanda ya kwanza. Huku kwetu sehemu ya masafa hayo ni ya simu za mkononi: simu huongea na mnara kati ya megahezi 880 na 915. Kijana akinunua mashine ya namna ile kwa kufuata kitabu, atawavuruga watu wa kartie nzima wakati wanapiga simu, na hataelewa kwa nini wanakuja nyumbani kwake na hasira. Hata umeme unaotajwa humo ni volti 120, wakati wetu ni 220. Kwa hiyo kila kitabu kinachoingia kabatini tunakiuliza kwanza: umeandikiwa watu wa wapi?

Kitabu kilichotuokoa na mwembe kilijibu swali hilo vizuri kuliko vyote. Kwa Kifaransa kinaitwa Réseaux sans fil dans les pays en développement. Kiliandikwa na kundi la watu kwa pamoja, kikatoka kwa Kiingereza mwaka 2006, na toleo la tatu la Kiingereza likafuata mwaka 2013. Ruhusa yake inamwachia kila mtu kukinakili, kukitafsiri na kukigawa, kwa hiyo fotokopi zetu si za wizi. Kinaeleza mawimbi kwa maneno ya kawaida kabla ya hesabu. Kina sura juu ya umeme wa jua na betri, jambo ambalo vitabu vya nchi zenye umeme wa kila saa vinalisahau. Tena kinakufundisha kwamba mtandao na intaneti ni vitu viwili. Intaneti ilipozimwa nchini kote kuanzia tarehe 31 Desemba 2018 hadi 19 Januari 2019, baada ya uchaguzi, watu walibaki na maneno ya barabarani. Nyumba mbili zilizounganishwa kwa antena zao wenyewe zinaweza kupelekeana ujumbe hata siku kama hizo, ikiwa kuna aliyejifunza kuweka mashine ndogo ya kuhifadhi ujumbe. Upungufu wake ni kwamba mashine mpya za Wi-Fi za miaka hii hazimo. Hilo halitusumbui sana, maana muhogo wa Fresnel haujabadilika.

Kitabu cha pili mtakicheka. Ni cha zamani sana, cha Eugène Aisberg, La radio ?... Mais c'est très simple ! Tulikipata katika vitu vilivyoachwa na misioni. Kinaeleza redio za taa za kioo, zile ambazo watoto wetu hawajaziona. Vijana walitaka kukitupa. Aliyekitetea ni mzee mmoja wa hapa aliyeshika foni ya misioni miaka mingi. Kitabu hicho ni mazungumzo: Ignotus, asiyejua, anauliza, na Curiosus anamjibu, na haoni haya kuulizwa jambo moja mara mbili. Mzee wetu akaanza kukisoma na vijana siku ya Jumamosi, mmoja akichukua nafasi ya Ignotus. Wanasoma Kifaransa, wanaeleza kwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi. Kisha anaongeza yake: kwa nini foni ilipanda masafa mchana na kushuka usiku, kwa sababu tabaka za juu angani zinabadilika jua likizama. Kijana aliyesoma kwa namna hiyo anajua kueleza, na anayejua kueleza tunaweza kumpeleka kwenye mkutano wenye hasira. Basi kitabu kimebaki, taa zake na vyote.

Sasa tuje kwenye jambo la hapa hapa Luano. Sisi tunaishi kando ya uwanja wa ndege. Dunia inaujua kwa sababu Lumumba, Mpolo na Okito walishushwa hapo tarehe 17 Januari 1961. Leo tunataka muuangalie kwa upande wa masafa. Redio za FM zinaishia megahezi 108. Juu yake tu yanaanza masafa ya kuongozea ndege, na kuanzia megahezi 118 rubani anaongea na mnara. Baadhi ya vijana wetu wanachora mitambo midogo ya FM kwa kufuata vijitabu vya kurasa ishirini. Vijitabu hivyo vinaonyesha namna ya kurusha, havionyeshi namna ya kuchuja. Mitambo miwili iliyokaribiana, mmoja kwenye 107 na mwingine kwenye 95, ikiwa haina vichujio vizuri inaweza kuzaa wimbi la tatu: mara mbili 107, toa 95, unapata 119. Hapo umeingia katikati ya maongezi ya rubani. Kwa hiyo kijitabu chochote cha mtambo wa FM kisicho na sura ya vichujio hatukiweki kabatini, hata kikiwa na picha nzuri. Na anayetaka kurusha lazima apitie kwa wenye ruhusa. Hakuna kitabu cha ng'ambo kitakachokuambia habari ya sheria yetu ya mawasiliano namba 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020, wala ya ARPTC, wala ya CSAC inayosimamia redio na televisheni. Tumechapa ukurasa mmoja juu ya hayo na kuubandika ndani ya jalada la kila kitabu.

Kitabu cha mwisho si cha ufundi, na tulibishana wenyewe kwa wenyewe ofisini kabla ya kukikubali. Ni muhtasari wa hukumu iliyotolewa Arusha tarehe 3 Desemba 2003 na mahakama ya kimataifa juu ya Rwanda, katika kesi ya vyombo vya habari. Wawili kati ya washtakiwa watatu walikuwa waanzilishi wa redio RTLM, ile iliyowachochea watu kuua mwaka 1994. Wenzetu wengine walisema hayo ni mazito kwa kijana aliyekuja kujifunza kuchomelea waya. Tuliwajibu kwamba mtambo wa redio ile ulikuwa mzima, na mafundi wake walijua kazi. Katika nchi yetu, Radio Okapi ilianza tarehe 25 Februari 2002 kwa mawimbi ya namna ileile, nayo inasema Kiswahili pamoja na Kifaransa, Lingala, Kikongo na Tshiluba. Tunataka kijana azione redio zote mbili kabla hajashika bisibisi. Mama mmoja wa kamati ameomba sehemu zenye majina ya vijiji na maneno makali zisisomwe mbele ya watoto, na tumekubali.

Tunamaliza kwa utaratibu. Kabati lina kufuli mbili. Ufunguo mmoja uko kwa nyumba ya upande huu, wa pili kwa nyumba ya upande ule, kwa hiyo halifunguliwi mpaka wote wawili wafike. Vitabu havitoki nje isipokuwa fotokopi, na fotokopi inalipiwa na anayeitaka. Somo la mzee wetu ni Jumamosi saa tisa alasiri. Tunatafuta mtu mwenye ngazi ndefu, maana kabla ya mvua kubwa ya Januari inatubidi tukague nyaya za ardhi za radi juu ya nguzo zote mbili, na ngazi tuliyoazima mwaka jana imerudi kwa mwenyewe.