Kisichosubiri na Kinachongoja: Uvimbe wa Kidole Tumbo kwa Mjamzito



Mjamzito akikutwa na uvimbe kwenye kidole tumbo, jamaa zake huuliza: aokolewe mama au mtoto? Hoja yangu jioni hii ni kwamba mara nyingi hatulazimiki kuchagua. Tunalazimika kujua kipi hakisubiri, na kipi chaweza kungoja hadi mtoto azaliwe.

Kidole tumbo kilichoshika maumivu ya ghafla hakisubiri. Ukiacha matatizo ya uzazi yenyewe, hiyo ndiyo dharura ya upasuaji inayoongoza kwa wajawazito, na hujificha. Mji wa mimba ukikua huweza kukisukuma juu, maumivu yakahamia karibu na mbavu. Kutapika hudhaniwa ni kwa mimba, na chembe nyeupe za damu huongezeka hata kwa mjamzito mzima wa afya. Tunaanza na ultrasaundi; isipotosha, MRI isiyo na dawa ya kung'arisha picha. Tukichelewa kikapasuka, hatari ya kumpoteza mtoto huongezeka sana.

Uvimbe wenyewe aghalabu huonekana baadaye, kidole hicho kikishatolewa, katika maabara ya patholojia, katika takriban mgonjwa 1 kati ya 100 waliokatwa kidole tumbo. Hapo aina yake ndiyo huamua. Uvimbe wa neuroendokrini usiofika sentimita 1 kwa kawaida huwa umekwisha kwa upasuaji uleule. Ukizidi sentimita 2, hufikiriwa kuondoa upande wa kulia wa utumbo mpana. Saratani kali ndiyo yenye mtihani hasa, zaidi mimba ikiwa changa, kwa kuwa tibakemikali huepukwa miezi mitatu ya kwanza, viungo vya mtoto vinapoumbika.

Uvimbe wa ute wa daraja la chini una tabia nyingine. Hukua polepole; ubaya wake ni kupasuka na kumwaga seli ambazo huendelea kutengeneza ute tumboni. Ndiyo maana mpasuaji hukitoa kidole tumbo kizima, ndani ya kifuko, bila kukitoboa. Hata ute ukiwa umeshasambaa, mama akiwa na nafuu, upasuaji mkubwa wa kuusafisha pamoja na kuosha tumbo kwa dawa ya moto ya saratani kwa kawaida huahirishwa hadi baada ya kujifungua. Wakati huo wote hufuatiliwa kwa MRI na kipimo cha damu cha CEA. Kile cha CA-125 chaweza kupandishwa na mimba yenyewe, kikamtia mama hofu ya bure.

Kwa hiyo pendekezo langu ni moja: kila kidole tumbo kinachotolewa kipelekwe maabara, na majibu yafike kwa mpasuaji, kwa daktari wa uzazi na kwa mama mwenyewe. Pasipo majibu hayo, kungoja ni kubahatisha, na kuharakisha pia.