Maneno Yanayovunja Moyo

Leo, wasikilizaji wa Kilindoni, Utende, Chole na Jibondo, tunazungumzia vinavyotuvunja moyo.

Vingine hutoka baharini. Kusi likivuma, mashua hukaa pwani, na safari ya Nyamisati huweza kuahirishwa abiria wameshafunga mizigo. Mkulima wa mwani naye hukuta matawi yamegeuka meupe na kukatika, maana maji yakizidi joto mmea hudhoofika. Mtu hunyong'onyea, na hapo hakuna wa kulaumiwa.

Lakini vingine twavitengeneza wenyewe, kwa ulimi. Kijana anajifunza kuwaongoza wageni wanaokuja kumwona papa potwe, anaambiwa: "Kiingereza chenyewe hujui!" Mama kajiunga na kikoba, jirani anambeza: "Vingapi vimekufa?" Kubeza, kukejeli, kusimanga, kukatisha tamaa: kazi hii mbaya ina majina mengi, na baadhi yetu, tuseme kweli, tunaifanya barazani kila jioni. Kusimanga ndiko kubaya zaidi, kwa sababu aliyesaidiwa hana la kujibu.

Aliyevunjika moyo leo huenda akahitaji mtu wa kumsikiliza tu. Ila huzuni ikifika wiki 2, mtu halali, hali chakula, hataki hata kazi aliyoipenda, huenda ikawa sonona, nayo inatibika. Mpelekeni kituo cha afya kilicho karibu au hospitali ya wilaya pale Kilindoni. Akisema anataka kujiua, msimwache peke yake. Mpelekeni siku hiyo hiyo.