Mgonjwa wa Kiharusi Asiachwe Mkekani



Nimeombwa niseme machache juu ya kiharusi. Habari za dawa sitasema, hiyo ni kazi ya daktari. Mimi nitasema juu ya miguu.

Mzee ameamka asubuhi, upande mmoja umelegea, mdomo umekwenda kando. Badala ya kupelekwa hospitali siku ile ile, watu wanakuja kutoa pole, wanakaa, wanabishana: karogwa, hakurogwa. Hata akirudi kutoka hospitali analazwa chali, analishwa, anageuzwa kama gunia. Nasi twaita huko ni kumheshimu!

Ndugu zangu, siku zile zina hesabu. Madaktari wa Copenhagen, katika nchi ya Denmark, waliwafuata wagonjwa 804, wakatangaza habari zao mwaka 1995. Katika kila 100, wagonjwa 95 walifikia upeo wao wa kutembea katika majuma 11 ya kwanza.

Wenzao wa Uholanzi, mwaka 2011, waliwatazama wagonjwa wasioweza kutembea, wakauliza mambo mawili katika siku 3 za mwanzo. Je, aweza kukaa nusu dakika bila kuegemea? Je, mguu uliopooza wajikaza, japo kidogo? Waliokuwa na yote mawili, 98 katika 100 walitazamiwa kutembea bila kushikwa baada ya miezi 6. Waliokosa yote mawili, 27. Na 27 si sifuri, msimzike mtu angali hai.

Basi kukaa ndiko kwa kwanza. Sisi tunautazama mguu tu, kumbe kiwiliwili kikianguka mguu hauna kazi.

Lakini msikimbilie kumsimamisha siku ya kwanza. Uchunguzi wa wagonjwa 2,104 katika nchi 5, uliotangazwa mwaka 2015, ulionyesha kwamba walioinuliwa mno tangu saa 24 za mwanzo walipata nafuu pungufu kuliko wenzao. Daktari ndiye aseme siku ya kuanza.

Akishasema, mgonjwa akae ukingoni mwa kitanda, nyayo zikanyage chini. Kisha asimame na kukaa, mara nyingi kila siku, msaidizi akiwa upande uliolegea. Mkono uliopooza usivutwe, bega litateguka. Nanyi wanaume msiwaachie akina mama kazi hii. Mzee mzito hainuliwi na binti mmoja.

Sasa kijana mmoja aje hapa mbele, alale juu ya mkeka huu, niwaonyeshe namna ya kumketisha.