Njia ya Msanifu Majengo
Hotuba ya Halmashauri iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Sisi wanahalmashauri tumepewa kazi ya kueleza jambo lililozusha maneno mengi katika vikao vya mwaka huu. Je, yafaa mfuko wetu wa elimu umshike mkono mtoto mmoja kwa miaka mingi hata awe msanifu majengo, au yafaa fedha hizo zigawiwe watoto watatu wajifunze kazi za mikono na kujitegemea upesi? Kabla hamjapiga kura, twaomba tuieleze njia yenyewe, tangu mwanzo wake hata mwisho.

Mwanzo wa njia uko hapa kwetu. Watoto wetu hukunja waya wakafanya magari yenye usukani. Hukata maboksi wakajenga nyumba zenye madirisha, na wakipata kipande cha makaa huchora ukutani. Mara nyingi mtoto huyo hupigwa, maana ukuta ni wa kukodi na mwenye nyumba ni mkali. Hatuwalaumu wazazi. Lakini tuangalie kazi aifanyayo mtoto: anapima, analinganisha magurudumu, anabomoa na kuanza tena akiona gari limeenda upande. Hayo ndiyo mafunzo ya kwanza ya usanifu, na hayakugharimu hata senti moja.

Tena mtoto aliyelelewa katika chumba cha futi 10 kwa 10 amejifunza mambo ambayo mwenzake wa nyumba kubwa hayajui. Anajua jiko likiwekwa wapi moshi utatoka, mvua ikinyesha maji yataingilia wapi, na kichochoro kiwe na upana gani ili mgonjwa apitishwe akiwa amelala. Maarifa hayo ni mali. Huwa hasara tu pale ambapo mtoto haendelezwi.

Baada ya hapo njia huwa ndefu. Hana budi kuzishika hesabu na fizikia katika shule ya sekondari, na kuendelea kuchora. Chuo kikuu humchukua miaka 6, hapo Nairobi au Juja. Akimaliza, bado si msanifu kwa sheria. Sheria iliyotungwa mwaka 1934 iliweka Bodi ya kuwasajili wasanifu, na asiyesajiliwa haruhusiwi kujiita kwa jina hilo. Humpasa basi kufanya kazi chini ya msanifu aliyesajiliwa, kisha afanye mitihani ya Bodi. Tangu siku aingiapo sekondari hata siku hiyo, hupita miaka zaidi ya 10, hata kama hakukwama popote. Wanaosema kwamba njia hii ni ndefu wamesema kweli.

Lakini wako waliotangulia kuipita. Bwana David Mutiso alikuwa Mwafrika wa kwanza wa Kenya kuwa msanifu majengo. Alisoma Sheffield, Uingereza, akarudi akaitumikia Wizara ya Ujenzi. Yeye na mwenzake kutoka Norwei, Karl Henrik Nøstvik, ndio waliosanifu Jumba la Mikutano ya Kimataifa la Kenyatta, lililofunguliwa mwaka 1973. Baada ya kazi ya serikali aliongoza kampuni iliyobeba jina lake. Jirani yetu wa Tanzania, Bwana Beda Amuli, alianza masomo yake katika mji huu huu wa Nairobi, akayamalizia Israeli, kisha akafungua kampuni yake mwenyewe Dar es Salaam. Soko la Kariakoo lililofunguliwa mwaka 1975 ni kazi yake, nalo liliezekwa kwa miavuli mikubwa ya zege yenye kukinga maji ya mvua.

Wako pia wanaouliza kama njia hii ni ya wasichana. Chama cha Wasanifu Majengo cha Kenya kilianzishwa mwaka 1967. Mwaka 2017 kilimchagua mwanamke kuwa rais wake kwa mara ya kwanza, naye ni Bi. Emma Miloyo, aliyesoma Juja na kushiriki kuanzisha kampuni ya usanifu. Ilichukua miaka 50. Tusiwafanye binti zetu wangoje tena.

Mfano ulio karibu zaidi na shauri letu ni wa Francis Kéré, mwana wa kijiji cha Gando, Burkina Faso, aliyezaliwa mwaka 1965. Alikuwa mtoto wa kwanza wa kijiji chake kupelekwa shule. Alikaa katika darasa lenye joto kali, watoto zaidi ya 100 wakibanana. Mwaka 1985 alipata nafasi ya kwenda Ujerumani, na nafasi hiyo ilikuwa ya kujifunza useremala. Mchana alishika randa, jioni alikwenda shule. Mwaka 1995 akaingia chuo kikuu cha Berlin, akahitimu mwaka 2004, umri wake miaka 39. Hata hivyo shule ya msingi aliyowasanifia watu wa kwao ilikuwa imekwisha kusimama tangu mwaka 2001, kabla hajapata shahada. Mwaka 2005 alifungua kampuni yake, na mwaka 2022 alikuwa Mwafrika wa kwanza kupewa tuzo ya Pritzker, iliyo kuu katika kazi hii. Hapa Kenya amejenga chuo cha vijana kando ya Ziwa Turkana, chenye minara iliyofuata umbo la vichuguu.

Tafadhali zingatieni jinsi shule ile ya Gando ilivyojengwa. Kuta ni za udongo uliochanganywa na saruji kidogo, na paa ni la mabati. Bati limeinuliwa juu ya dari yenye matundu, hewa ya moto ipande na kutoka. Sisi tunaoishi chini ya bati tunajua lilivyo saa nane mchana. Udongo na bati tunavyo. Kilichokosekana ni mtu aliyefundishwa kuvipanga, naye akikumbuka joto la darasa lake.

Mwisho wa njia ni kuongoza kampuni, nako kuna mzigo wake. Kiongozi hutafuta kazi, huandika mikataba, hulipa mishahara mwisho wa mwezi hata kama mteja hajalipa. Jina lake ndilo liwekwalo sahihi chini ya ramani, na nyumba ikianguka huulizwa yeye. Hapa mjini tunajua maana ya neno hilo. Mwezi wa Aprili 2016 jengo la ghorofa lilianguka Huruma usiku wa mvua, wakafa watu zaidi ya 40. Kawangware nako ghorofa huota kila mwaka pembeni mwa vibanda vya mabati. Tunahitaji watu wa kwetu watakaosema ‘msimwage zege hili’ na wakasikilizwa. Kiongozi mwema tena huwafungulia wengine mlango aliofunguliwa yeye, kwa kuwapokea wanafunzi katika ofisi yake wakati ambapo hakuna mwingine awapokeaye.

Wala usanifu si wa majumba makubwa peke yake. Tangu mwaka 2006 shirika la Kounkuey limekuwa likisanifu pamoja na wakazi wa Kibera, kando ya mito yetu, madaraja, vyoo, mahali pa kufulia na viwanja vya watoto. Wakazi walikaa mezani pamoja na wasanifu. Twataka siku moja aliyekaa upande wa pili wa meza awe pia mtoto wa hapa.

Sasa turudie shauri. Wanaotetea kazi za mikono hawakukosea. Fundi wa kuchomelea vyuma wa Kawangware hulisha jamaa yake kwa halali, na Kéré mwenyewe alipitia mlango wa useremala. Kwa hiyo hatuombi mfuko wote. Twaomba mambo matatu. La kwanza, theluthi moja ya mfuko itengwe kwa mwanafunzi mmoja wa usanifu, wala isiondolewe kabla hajasajiliwa, maana kumsaidia mtu nusu ya njia ni kumwacha porini. La pili, fundi kijana atakayetaka kuendelea na masomo ya jioni asihesabiwe kuwa amekwisha kupata fungu lake. La tatu ni dogo kuliko yote: katika ukumbi wa chama ziwekwe meza mbili pana na taa, na mlango uachwe wazi hata saa tatu usiku. Katika chumba cha futi 10 kwa 10 wanamolala watu sita, hapana mahali pa kutandaza karatasi ya kuchorea.

Haba na haba hujaza kibaba. Miaka 10 itapita kwetu, tukimsaidia mtoto huyo au tusipomsaidia. Inueni mikono yenu kwa namna mtakavyoona haki, nasi tutayafuata maamuzi yenu kwa moyo mmoja.