Siku Nne katika Mji wa London



Mtu aendaye London kwa mara ya kwanza hutaka kuona yote kwa siku moja, na jioni hurudi alikofikia miguu imevimba, wala hakumbuki alichokiona. Mzee aliyeuza ng'ombe ili apate nauli ya kwenda kumtazama mwanawe asomaye huko, naye ana siku nne tu za kutembea, yampasa kukata shauri mapema: ataona nini, na ataacha nini bila kujuta.

Kwanza na aitazame kalenda. Westminster Abbey, kanisa ambamo wafalme wa Uingereza huvikwa taji tangu mwaka 1066, halifunguliwi kwa watazamaji siku ya Jumapili. Siku hiyo ni ya ibada, na aingiaye kusali halipi kitu. Kanisa la St Paul's ni vivyo hivyo. Basi ikiwa siku zake zaanzia Jumapili, afadhali aende British Museum, nyumba ya vitu vya kale iliyofunguliwa mwaka 1759, isiyotoza kiingilio. Humo asijaribu kupita kila chumba. Alitazame jiwe la Rosetta, ambalo maandishi yake ya namna tatu yaliwawezesha wataalamu kuyasoma maandishi ya Misri ya kale. Kisha ashuke vyumba vya Afrika aone vibao vya shaba vya Benin, vilivyotekwa na askari wa Kiingereza mwaka 1897, na ambavyo watu wa Nigeria wamedai virudishwe kwao. Hapo baba na mwana watakuwa na la kuzungumza njia nzima.

Jumatatu yafaa iwe ya upande wa mashariki. Ngome ya Tower ilianza kujengwa na Mfalme William katika karne ya 11. Na afike mapema, aende moja kwa moja penye mataji na vito vya kifalme, maana baadaye watu hupanga mstari mrefu. Ndani ya ngome hufugwa kunguru wakubwa, na yasimuliwa kwamba wakiondoka ufalme utaanguka. Hata leo hakuna aliyethubutu kuyajaribu masimulizi hayo. Karibu na hapo pana mnara wa ukumbusho wa moto mkubwa wa mwaka 1666, wenye ngazi 311. Mwenye magoti mabovu na angoje chini. St Paul's liliungua katika moto huo, likajengwa upya kwa ramani ya Christopher Wren.

Mabasi ya London hayapokei fedha taslimu tangu mwaka 2014. Msafiri hulipa kwa kadi, na nauli ya siku ina kikomo, mradi atumie kadi ile ile kutwa. Abadilishaye kadi hupoteza fedha bure.

Jumanne ni zamu ya Westminster Abbey na nyumba za Bunge zilizo jirani. Toka hapo, mtu hukata bustani ya St James's kwa miguu mpaka Lancaster House. Wageni wengi huipita nyumba hiyo bila kugeuza shingo, na si kawaida kuruhusiwa kuingia. Lakini Mkenya na asimame hata kama mvua inanyesha. Humo ndimo viongozi wa Kenya walimofanya mikutano ya katiba mwaka 1960, 1962 na 1963, wakabishana juu ya ardhi na juu ya mamlaka ya majimbo, hata uhuru ukapatikana tarehe 12 Desemba 1963. Mzee aliyekuwa mtoto wakati ule atakuwa na mengi ya kumweleza mwanawe mbele ya mlango ule kuliko yaliyomo katika kitabu chochote cha wageni.

Jumatano miguu ipumzike. Wapande mashua katika mto Thames mpaka Greenwich, ambako mstari uliochorwa chini huonyesha mahali longitudo za dunia zinapoanza kuhesabiwa. Saa ya Greenwich ikiwa sita mchana, Kenya ni saa tisa, na mama aliyebaki nyumbani amekwisha anika mahindi yake.